Diski Moja ya Familia: Tuweke Nini, Tuache Nini?



Wiki hii tunazungumzia kitu kidogo kilichomo katika makabati ya nyumba nyingi za Mbeya na Iringa: diski ya DVD ya shughuli ya familia. Aghalabu huwa ni ya harusi. Wakati mwingine ni ya akika, ya khitma ya Qur'ani ya watoto wa madrasa, au ya kuwaaga mahujaji. Mgeni akija, diski hutolewa, hutiwa ndani ya deki, na baada ya dakika kumi watu wameshaanza mazungumzo mengine, kwa sababu kinachoonekana ni msafara wa magari usiokwisha na watu wakila wali. Nasaha za babu, zilizoliza ukumbi mzima siku ile, hazimo. Fundi alizikata ili magari yaenee.

Hatumlaumu fundi. Yeye anajua kukata na kuunga. Hajui yule mzee aliyeketi pembeni na bakora yake ni nani, wala hajui kwamba bibi harusi alilelewa na shangazi yake wa Mafinga na si na mama yake mzazi. Hayo yanajulikana nyumbani. Kwa hiyo kazi ya kuchagua kinachoingia katika diski ni ya familia, na haifai kukabidhiwa mtu wa nje. Ili familia ichague vizuri, yafaa ijue mambo mawili: diski inabeba kiasi gani, na menyu yake inamfungulia nani mlango gani.

KWA NINI BADO DISKI?

Yupo atakayeuliza: zama hizi za simu na flashi, DVD ya nini? Swali ni la haki. Jibu tunaliona sebuleni. Bibi aliyeko Tukuyu hana haja ya bando wala neno la siri ili aangalie diski. Anahitaji rimoti na mjukuu mmoja wa kubonyeza. Video inayotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa ubora, kisha hupotea simu inapoibiwa au inapojaa. Flashi leo ina harusi, kesho inafutwa ili ibebe filamu. Diski ya DVD-R ikishachomwa na kufungwa, hakuna awezaye kuandika kitu kingine juu yake.

Hata hivyo, tusiitukuze kupita kiasi. Vifaa vya kumbukumbu hupita. Walioolewa zama za kanda za VHS wanalijua hilo. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za kanda hizo, ilisitisha kazi hiyo Julai 2016, na leo kanda nyingi ziko juu ya kabati zikiota ukungu, hazina deki ya kuzisoma. Kompyuta mpakato mpya nazo nyingi huuzwa bila sehemu ya kutia diski. Kwa hiyo DVD ni chombo cha kutazamia. Faili halisi za video zihifadhiwe mahali pengine pia. Tutalirudia hili mwishoni.

DISKI INABEBA DAKIKA, HAIBEBI FAILI

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kijana anakusanya vipande vya video kutoka simu za ndugu, anaona jumla yake ni gigabaiti 3, na diski imeandikwa 4.7, basi anasema zimeenea na nafasi imebaki. Anapoanza kutengeneza DVD, programu inamwambia nafasi haitoshi, au inamaliza kazi na picha zinatoka zimejaa vijiraba kama sakafu ya vigae. Anadhani diski ni mbovu.

Sababu ni hii. DVD ya kutazamwa kwa deki haichukui faili za simu jinsi zilivyo. Video zote hugeuzwa kwanza ziwe katika muundo uitwao MPEG-2, nao unahitaji nafasi kubwa kuliko muundo wa simu za kisasa. Kwa hiyo ukubwa wa faili za awali haukuambii kitu. Kinachohesabika ni urefu wa video kwa dakika.

Hesabu yake ni nyepesi, na mtoto wa sekondari anaweza kuifanya mezani. Diski ya kawaida ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7. (Kompyuta nyingi huonyesha takriban 4.37, kwa kuwa zinahesabu kwa njia nyingine, hujaibiwa kitu.) Gigabaiti hizo ni megabiti 37,600. Ukitoa sehemu ya menyu na akiba kidogo, zichukulie ni 36,000. Sasa zigawe kwa idadi ya sekunde za video yako, nawe utapata megabiti ngapi kila sekunde itapewa, picha na sauti kwa pamoja.

Video ya saa 1 ina sekunde 3,600, kwa hiyo kila sekunde inapata megabiti 10. Hizo zimezidi, kwani kikomo cha picha katika DVD ni 9.8, na deki kuukuu hukwama zikisomeshwa diski ya kuchoma kwa kasi hiyo. Weka 8 na uridhike. Video ya dakika 90 inapata 6.7, na hiyo ni picha safi kabisa. Ya saa 2 inapata 5, bado ni nzuri. Ya saa 3 inapata 3.3, na hapo watu wakitembea au wakipiga dufu kwa kasi picha huanza kuvurugika. Ya saa 5 inapata 2 tu, na nyuso za watu hutoka kama zimefunikwa na maji.

Sauti nayo ina sehemu yake. Ikiwekwa bila kubanwa hula takriban megabiti 1.5 kwa sekunde. Ikibanwa kwa mfumo wa AC-3 hula kama 0.2, na sikio la kawaida halioni tofauti katika hotuba. Katika diski ya saa 2, uamuzi huo mmoja ni kama robo ya nafasi yote. Mwambie fundi wako atumie AC-3.

Basi kanuni yetu ni hii: diski moja, saa 2, zisizidi. Zikizidi, ongeza diski ya pili au punguza video. Zipo diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5, lakini ni ghali zaidi, ni adimu madukani, na baadhi ya deki hazizisomi vizuri.

SAA TANO ZINAPOTAKIWA KUWA MBILI

Tuchukue mfano. Familia imeoza binti Kihesa, Iringa, na walima umefanyika Mwanjelwa, Mbeya. Kati ya miji hiyo kuna zaidi ya kilometa 300 za barabara, kupitia Mafinga na Makambako, na ndugu waliokuwa huku hawakuwa kule. Vipande vya video vya simu na kamera vikiunganishwa vinafika saa 5. Diski inataka saa 2. Saa 3 sharti ziachwe.

Tunashauri wazazi wa pande zote mbili, bwana na bibi harusi, na kijana mmoja mwenye kujua kompyuta, wakae jioni moja na daftari. Kwanza waandike yale ambayo yakikosekana, diski haina maana. Sisi tungeanza hivi: hotuba ya nikahi pamoja na ijabu na kabuli, dakika 15, nasaha za wazazi na walezi wa pande zote mbili, dakika 20, simulizi la mzee wa ukoo, dakika 30, nyumba, mtaa na shamba walikotoka maarusi, dakika 10, walima, dakika 20, watoto wa ukoo wakisema majina yao mmoja mmoja, dakika 10, dua ya kufunga, dakika 10. Jumla ni dakika 115. Tano zilizobaki ziacheni, daima kuna kitu hukumbukwa dakika ya mwisho. Msafara wa magari upewe nusu dakika ndani ya walima. Unatosha.

Msomaji ataona tumempa mzee wa ukoo dakika 30, nusu saa nzima, nyingi kuliko walima wenyewe. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Keki ya kila harusi inafanana na keki ya harusi nyingine. Mzee hafanani na mtu. Katika nyanda zetu hizi bado wapo wazee waliofanya kazi katika ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa rasmi 1976. Wapo waliokuja Mbeya kwa ajili ya reli hiyo wakaoa hapa na kuzaa hapa, na wajukuu zao hawajui babu alitoka wapi wala aliingiaje mji huu. Mtu aliyekuwa na miaka 20 reli ilipoanza, alizaliwa karibu na 1950. Kila mwaka tunasoma khitma za watu wa rika hilo. Wengi wanaondoka bila sauti yao kubaki popote, hali simu zenye kamera zilikuwa katika mifuko ya watoto wao wote.

Mwulizeni maswali mepesi. Alizaliwa wapi? Nani alimfundisha kusoma Qur'ani, na chuo kilikuwa chini ya mti au katika nyumba? Alimuoa bibi kwa mahari gani? Msikiti wa mtaa ulijengwa na nani, na matofali yalifyatuliwa wapi? Simu iegemezwe mahali imara, ilazwe kwa upana na isisimamishwe, kwani video iliyopigwa simu ikiwa wima hutoka katika televisheni kama ukanda mwembamba wenye giza pande mbili. Karibu na mzee, si mbali. Sauti ni muhimu kuliko picha. Redio izimwe.

Akipenda kusema kwa Kihehe, Kinyakyusa, Kibena au Kisafwa, aachwe aseme. Muundo wa DVD unaruhusu maandishi ya tafsiri hadi ya lugha 32 yawekwe chini ya picha, nawe utatumia moja tu: Kiswahili. Programu ya DVDStyler, ambayo haiuzwi, inapokea maandishi hayo yakiwa yamechapwa katika faili la kawaida lenye saa na dakika za kila sentensi. Mjukuu aliyekulia Dar es Salaam na asiyejua lugha ya babu yake atamsikia babu kwa sauti yake, na atamwelewa kwa kusoma. Maandishi hayo hayali nafasi ya kutajika.

MENYU NI MLANGO WA NYUMBA

Menyu ni ule ukurasa wa kwanza unaotokea diski inapowashwa, wenye vitufe vya kuchagua. Watu wengi hudhani ndiyo inayomaliza nafasi. Sivyo. Menyu yenye picha zinazocheza kwa sekunde 30 inakula takriban megabaiti 22, yaani si hata sehemu moja ya mia mbili ya diski. Iliyo ya picha tuli ni ndogo zaidi. Matatizo ya menyu ni mengine.

La kwanza ni kusomeka. Bibi anaketi mbali na televisheni, na macho yake si ya fundi aliye mbele ya kompyuta. Herufi ziwe kubwa na nene, rangi nyeupe juu ya nyeusi au kijani kilichokoza, vitufe visizidi sita, na maneno yawe ya Kiswahili: Nikahi, Nasaha, Babu Anasimulia, Walima. Maandishi yasisogezwe pembezoni, kwa kuwa televisheni nyingi za zamani hukata kingo za picha. Acha kama sehemu moja ya kumi kila upande. Kitufe kilichochaguliwa kibadilike rangi waziwazi. Kisha jaribu kwa rimoti: ukibonyeza chini, je, kinashuka kitufe kinachofuata au kinaruka? Kila sehemu ikiisha, irudi kwenye menyu badala ya kusimama kwenye giza. Ndani ya simulizi la mzee weka alama za sura kila baada ya dakika tano hivi, ili mtu aweze kuruka hadi anapopataka.

La pili ni zito zaidi. Menyu hubaki kwenye kioo na kujirudia bila kukoma mpaka mtu abonyeze. Mwenye nyumba anaweza kwenda kumfungulia mgeni mlango, na mgeni huyo, jirani au mwalimu wa madrasa, akaketi akiitazama menyu ile kwa dakika tano. Kwa hiyo picha ya menyu iwe ni ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiona: mlango wa msikiti, mashamba ya chai ya Rungwe, miamba ya Iringa, mikono ya wazazi ikiomba dua. Isiwe uso wa bibi harusi aliyepambwa.

Na hapa kuna mtego ambao familia nyingi hazijaujua. Programu nyingi za kutengeneza DVD huchukua zenyewe picha moja ya kila kipande na kuiweka kwenye menyu kama kitufe, na kwa kawaida huchukua ile ya mwanzo. Kipande kikianza na wanawake wakivishana chumbani, picha hiyo ndiyo itakayokaa kwenye menyu ya diski itakayonakiliwa mara thelathini na kugawiwa ukoo mzima. Hakuna aliyekusudia. Basi kagueni kila kitufe, kimoja kimoja, kabla ya kuchoma.

SEHEMU YA WANAWAKE IWE DISKI YAKE

Tunajua wanazuoni wana hitilafu kuhusu picha na video. Wapo wanaozikataza, na wapo wanaoziruhusu kwa haja na kwa masharti. Ukurasa huu haukai mahali pa mufti. Kila familia imwulize shekhe inayemwamini. Lakini hata wale wanaoruhusu wanakubaliana kuhusu stara na amana, na hapo ndipo tunapotaka kusema wazi.

Yapo mafundi ambao huahidi kuificha sehemu ya wanawake ndani ya menyu, ama kwa kitufe kisichoonekana, ama kwa kutaka namba fulani zibonyezwe kwa rimoti. Msiikubali ahadi hiyo. Kitufe kilichofichwa hakilindi kitu. Mtu yeyote akiitia diski ile ndani ya kompyuta, atafungua folda iitwayo VIDEO_TS na kuzikuta video zote zimepangwa, zilizo na kitufe na zisizo nacho. Hata deki ya kawaida yaweza kurukia sehemu hiyo kwa kubonyeza namba yake. Stara isitegemee ujinga wa mtazamaji.

Njia salama ni kutengeneza diski mbili tangu mwanzo. Diski ya jumla isiwe na hata sekunde moja ya hina, singo wala ukumbi wa wanawake. Diski ya wanawake ikitengenezwa, iwe nakala chache zinazohesabika, zenye kuandikwa majina ya waliopewa, na kila aliyeonekana humo awe ameulizwa. Surat An-Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa. Kamera nayo ni jicho linaloingia nyumbani, na hubaki humo baada ya wageni kuondoka. Ruhusa yake inastahili kuombwa kwa uzito uleule. Aliyekubali kupigwa video siku ya harusi huenda hakukubali video hiyo ifike Makambako na Kyela. Muulizeni mara ya pili.

Haki hii si ya dini peke yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inalinda faragha ya mtu na ya familia yake, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwanamke ambaye video yake imesambazwa bila ridhaa yake hajadhulumiwa katika aibu pekee. Amevunjiwa haki inayotambulika.

Tukumbuke pia kwamba kazi ikiisha, video zote hubaki kwenye kompyuta ya fundi na kwenye kadi ya kamera yake. Kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi mafupi: faili zote ziwekwe katika diski kuu ya nje ya familia, kisha zifutwe dukani mbele ya mtu wa familia, na hakuna kipande kitakachotumika kutangazia biashara bila idhini. Fundi mwaminifu hatakasirika, bali atafurahi kuona wateja wanaojua wanachokitaka.

Na liko suluhisho bora kuliko yote. Kuhariri video na kutengeneza menyu ni ufundi ambao binti aliyemaliza kidato cha nne anaweza kujifunza, kwa kompyuta moja na programu zisizouzwa. Kina mama wa vikundi vya akiba vya Mbeya na Iringa, wanaonunua masufuria na viti vya kukodisha, wafikirie pia kununua kamera moja na kompyuta moja, na kuwafundisha mabinti wawili. Harusi za wanawake zitapigwa na wanawake, zitahaririwa na wanawake, na fedha itabaki nyumbani.

KUCHOMA NA KUTUNZA

Kwa wale watakaoifanya kazi hii wenyewe, haya ni machache ya kushika. Chagueni mfumo wa PAL, wenye mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, ambao televisheni zetu zimeuzoea. Hakikisheni mnatengeneza DVD ya video na si diski ya data. Ukichoma faili za simu kama data, deki moja itazisoma na nyingine itazikataa, na menyu haitakuwapo. Kabla ya kuchoma, iambieni programu ihifadhi kazi kwenye folda ya kompyuta, muitazame yote mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kosa likishachomwa halifutiki. Wenye uwezo wanunue diski moja ya DVD-RW, inayofutika, wajaribie kwenye deki ya bibi.

Chomeni kwa kasi ndogo, ya 4 au 8, na fungeni diski mwishoni ili deki nyingine ziweze kuisoma. Kwa kasi ya 4 kazi huchukua kama robo saa, na umeme ukikatika katikati diski hiyo imeharibika moja kwa moja. Watu wa nyanda hizi hawahitaji kuelezwa. Katika mgawo wa umeme wa 2006, ukame ulipokausha maji ya Mtera yanayoletwa na mto Ruaha Mkuu, tulijifunza sote kutopanga kazi bila akiba. Kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa ni salama kuliko ya mezani.

Msibandike karatasi juu ya diski. Gundi huikunja na kuifanya iyumbe ndani ya deki. Andikeni kwa kalamu laini ya wino wa maji upande wa juu: nani, wapi, tarehe ya kawaida na ya Hijria. Diski isiachwe juani dirishani wala juu ya deki yenye joto, na kwa ndugu wa Kyela, kwenye joto na unyevu wa ziwa, iwe ndani ya kasha lililofungwa. Tengenezeni nakala mbili zilizo katika nyumba mbili, moja Iringa na moja Mbeya, na faili halisi kwenye diski kuu ya nje. Kila mwaka, labda siku za Idd ukoo unapokutana, itazameni. Ikianza kukwama, nakilini upya wakati bado inasomeka.

Lakini yote hayo, ndugu wasomaji, yanawezekana iwapo kipo cha kuhifadhi. Harusi itapigwa video hata tusiposema neno. Mzee hatapigwa, mpaka mtu mmoja aamue. Basi kabla ya kuulizia bei za diski Mwanjelwa au Miyomboni, tunamwomba kila msomaji mwenye babu, bibi, baba au mama aliye hai, atenge nusu saa baada ya swala ya Alasiri wiki hii, aombe ruhusa kwa adabu, aegemeze simu, na aulize swali la kwanza. Menyu itatengenezwa baadaye.

Wabillahi tawfiq.